Hadithi za Ndugu Yatima: Ipi Ununue, Ipi Uazime, Ipi Uipate Bure ukiwa Njombe

Kwa watoto wengi duniani, hadithi ya ndugu watatu waliofiwa na wazazi, wakafukuziwa urithi na jamaa mwenye roho mbaya, ni burudani ya mbali. Kwa mtoto wa Njombe inaweza kuwa habari ya nyumba ya jirani, au ya kwake mwenyewe. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha kuwa asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi mkoani Njombe wanaishi na virusi vya UKIMWI. Hicho ni kiwango kikubwa kuliko cha mkoa mwingine wowote nchini, huku wastani wa taifa ukiwa asilimia 4.4. Dawa za kufubaza virusi zimewabakiza wazazi wengi na watoto wao, lakini miaka ya kabla ya dawa kuenea iliacha bibi wengi wakilea wajukuu, na kaka wakubwa wengi wakiwa baba kabla ya wakati.

Kwa hiyo mzazi, mlezi au mwalimu wa Njombe na Makambako anayetafuta kitabu cha aina hii ana hesabu mbili za kufanya. Ya kwanza ni ya fedha: bei, nauli ya kifurushi, bando, kopi. Ya pili ni ya moyo wa mtoto. Nimezilinganisha njia zinazopatikana kwa hesabu zote mbili, kwa sababu kitabu cha bei nafuu kinachomdhalilisha yatima aliyeko darasani ni ghali, na kitabu kizuri ambacho hakuna mtoto anayeweza kukisoma ni ghali pia.

Vipimo vitatu kabla ya bei

Hadithi za ucheshi mchungu huchekesha katikati ya msiba. Ukitaka kujua kama kicheko hicho kinafaa, uliza kwanza: nani anachekwa? Hadithi njema humcheka mwovu na mtu mzima asiyesikiliza. Haimcheki mtoto kwa nguo zake zilizochanika wala kwa njaa yake.

La pili, watoto wenyewe wanafanya nini? Yatima anayekaa akilia mpaka tajiri atokee kumwokoa hamfundishi msomaji lolote. Tafuta hadithi ambamo ndugu wanashikamana, wanapanga na kutumia akili.

La tatu, mwovu ni nani? Hapa Njombe kipimo hiki kina uzito wake. Mwanzoni mwa 2019 nchi nzima ilihuzunishwa na mauaji ya watoto mkoani humu, yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Sishauri kumnunulia mtoto wa mkoa huu hadithi ambayo mbaya wake ni kikongwe anayeshukiwa uchawi. Mbaya anayetamani mali ya marehemu anafaa zaidi, kwa kuwa huyo mtoto anaweza kumtambua, kumtaja na kumshtaki.

Vitabu 13 vya Lemony Snicket

Hivi ndivyo vilivyoipa aina hii jina duniani. Mwandishi wake ni Mmarekani Daniel Handler, anayetumia jina la Lemony Snicket. Mfululizo huo, A Series of Unfortunate Events, una vitabu 13 vilivyotoka kati ya 1999 na 2006. Violet, Klaus na mdogo wao Sunny, watoto wa Baudelaire, wanapoteza wazazi wao kwa moto. Mfanyakazi wa benki aitwaye Mr. Poe, anayekohoa bila kukoma, ndiye anayesimamia mirathi. Anawapeleka kwa jamaa wa mbali, Count Olaf, ambaye shida yake si watoto bali fedha walizoachiwa, fedha zisizoweza kuguswa hadi Violet afikie utu uzima.

Kwa kipimo cha kwanza, vitabu hivi vinafaulu vizuri. Kicheko kinawaangukia wakubwa. Olaf anajibadilisha mavazi kila mara, watoto wanamtambua papo hapo, na watu wazima wenye elimu na vyeo wanakataa kuamini. Kwa kipimo cha pili vinafaulu zaidi: Violet anabuni vifaa, Klaus anakumbuka kila alichosoma, na hata Sunny mwenye meno manne makali ana kazi yake. Mbaya wao ni mwenye tamaa ya mirathi, asiye na uchawi wowote. Mlezi wa Njombe aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo baada ya arobaini ataielewa hadithi hii mara moja.

Lipo jambo la kumtahadharisha mlezi. Katika kitabu cha kwanza Olaf anapanga kumwoa Violet, mwenye miaka 14, ili azikamate fedha. Mpango unashindwa kwa akili ya binti mwenyewe. Usiiruke sehemu hiyo; isome pamoja na mtoto na umweleze sheria ya kwetu. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaukazia uamuzi huo Oktoba 2019. Kitabu cha kigeni kinaweza kufungua mazungumzo ambayo nyumba nyingi huyakwepa.

Sasa gharama. Kizuizi cha kwanza ni lugha. Kiingereza chake ni cha juu, ingawa msimulizi ana desturi ya kusimama na kueleza maneno magumu. Mtoto wa darasa la tano au la sita katika shule ya mchepuo wa Kiingereza atakimudu akisaidiwa. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali, anayesoma masomo yake kwa Kiswahili, atahitaji mtu wa kumsimulia sura kwa sura. Kitabu cha kwanza kina sura 13 fupi na hakifiki kurasa 200, kwa hiyo sura moja kila jioni inakimaliza kwa muda wa wiki mbili hivi.

Kizuizi cha pili ni upatikanaji. Maduka mengi ya vitabu mkoani yanaishi kwa vitabu vya kiada, madaftari na sare, na ni haki yao, kwani ndivyo vinavyouzika. Vitabu vya aina hii hutafutwa Dar es Salaam, kwenye maduka ya vitabu vya Kiingereza kutoka nje kama A Novel Idea, au kwa wauza vitabu vya mitumba, ambao bei yao huwa ya chini sana lakini huwezi kuchagua namba ya kitabu. Kununua mtandaoni kutoka nje kunaongeza gharama ya usafirishaji ambayo mara nyingi hulingana na bei ya kitabu au kuipita. Usinunue mfululizo mzima kwa mkupuo. Kitabu cha kwanza kinajitosheleza. Kikimkolea mtoto, ongeza cha pili na cha tatu.

Anayetaka kitabu kimoja cha Kiingereza kinachoanza na kuisha anaweza kuchukua James and the Giant Peach cha Roald Dahl, kilichotoka 1961. James ni yatima asiye na ndugu, analelewa na shangazi wawili wakatili, na anaokolewa na tunda kubwa kama nyumba. Dahl mwenyewe aliishi Dar es Salaam akifanya kazi katika kampuni ya Shell kabla ya kujiunga na jeshi la anga mwaka 1939. Kiingereza chake ni chepesi kuliko cha Snicket, na nakala za mitumba huonekana mara kwa mara.

Filamu na tamthilia

Hadithi hiyohiyo ipo kwenye filamu ya 2004, ambamo Jim Carrey anacheza kama Olaf. Inabeba vitabu vitatu vya kwanza. Ipo pia tamthilia ya Netflix ya 2017 hadi 2019, yenye misimu mitatu na vipindi 25, inayofuata vitabu vyote 13.

Wengi hudhani kutazama ni rahisi kuliko kununua. Piga hesabu. Vipindi 25 ni takriban saa 20. Kwa ubora wa chini wa picha, saa moja hutumia takriban GB 0.3, jumla GB 6. Kwa ubora wa kati, GB 0.7 kwa saa, unafika GB 14. Ongeza malipo ya kila mwezi ya Netflix, na ujiulize kama familia itamaliza ndani ya mwezi mmoja. Mwenye intaneti ya ofisini au ya chuo anayeruhusiwa kupakua vipindi ataokoa bando lote. Asiye nayo atagundua kuwa amelipa bei ya kitabu na hakubaki na kitu mkononi.

Hata hivyo picha ina faida moja kubwa: mtoto ambaye Kiingereza chake ni kidogo anaielewa hila ya Olaf kwa kumtazama. Ninaishauri filamu moja kama kionjo kabla ya kitabu. Tamthilia nzima naipendekeza kwa nyumba yenye intaneti ya kudumu tu.

Adili na Nduguze

Mswahili hakungoja Marekani kupata hadithi ya ndugu waliofiwa. Shaaban Robert alichapisha Adili na Nduguze mwaka 1952. Ndugu watatu, Adili, Hasidi na Mwivu, wanafiwa na baba na kugawana mali. Wawili wanaitapanya sehemu yao, Adili anawapokea tena na tena, nao wanamlipa kwa kumtosa baharini. Wanageuzwa manyani, na Adili anapewa amri ya kuwapiga kila usiku, amri inayomuumiza yeye kuliko wao. Mashaka, maajabu na uchekeshaji wa majina yanayotangaza tabia za wenyewe vyote vimo.

Mwovu hapa ni wivu ndani ya damu moja, na hilo linawafaa watoto wanaokua pamoja kwa bibi mmoja huku kila mmoja akihofia sahani yake. Kiswahili chake ni cha hali ya juu na cha zamani, kwa hiyo mtoto wa msingi atahitaji msomaji mtu mzima. Adhabu ya viboko nayo inahitaji maelezo: mweleze mtoto kwamba Adili analia kwa kuitekeleza, na kwamba hadithi inaelekea kwenye msamaha.

Kwa mfuko, hiki ni cha nafuu kuliko vya nje. Kimechapishwa mara nyingi, na kazi za Shaaban Robert hupatikana kwa urahisi kwa wauza vitabu vya fasihi Dar es Salaam, wakiwemo TPH Bookshop ya mtaa wa Samora. Kinafaa pia kuanzia msingi hadi sekondari, kwa hiyo nakala moja haiachwi mtoto akivuka darasa.

Siku Njema

Kwa kijana wa sekondari, riwaya ya Ken Walibora ya 1996 inastahili kuwekwa kwenye orodha. Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga, anafiwa na mama na kuvuka mpaka hadi Kenya kumtafuta baba ambaye hakumlea. Ina mateso mengi na kicheko kidogo, na haihusu ndugu wengi. Lakini lugha yake ni tamu na ya siku hizi, na kwa miaka kadhaa ilisomwa katika shule za sekondari za Kenya. Kwa kuwa mchapishaji wake ni wa Nairobi, ulizia bei kabla ya kuagiza, maana hubadilika kufuatana na njia iliyotumika kuifikisha nchini. Usimpe mtoto wa darasa la nne. Itamchosha kabla ya kumfurahisha.

Za bure: Simbegwire na Magozwe

Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, umeweka mtandaoni hadithi fupi zenye picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Leseni yake inaruhusu kupakua, kuchapa na kugawa bila kulipa. Mbili zinahusu somo letu moja kwa moja.

Simbegwire, ya Rukia Nantale, inamhusu binti aliyefiwa na mama. Baba anaoa mke mwingine, Anita, kisha anasafiri kikazi, na binti anabebeshwa kazi zote za nyumbani hadi anakimbilia msituni, ambako shangazi yake anamkuta. Uzuri wake ni kwamba mama wa kambo hahukumiwi milele: anakosea, anaomba radhi, na nyumba inajengwa upya. Magozwe, ya Lesley Koyi, inamhusu mvulana wa Nairobi asiye na wazazi aliyemtoroka mjomba aliyemtesa na kumwambia hana akili ya kusoma. Anaishi mtaani na wenzake hadi anapokutana na mtu anayewajali.

Hizi hazina ucheshi wa Snicket. Ni za kugusa zaidi kuliko za kuchekesha, na fupi kiasi kwamba mtoto wa darasa la pili au la tatu anazimaliza kwa kikao kimoja. Gharama yake ni MB chache za kupakua, na ukitaka karatasi, malipo ya steshenari. Kumbuka tofauti hii unapokwenda kutoa kopi: hadithi hizi ni halali kuchapwa, lakini kutoa kopi kitabu kizima cha Snicket, Dahl au Walibora kunavunja Sheria ya Hakimiliki ya 1999, hata kama anayekutumia faili kwenye WhatsApp anakuambia ni zawadi.

Lipo pia chaguo lisilohitaji hata bando. Bibi na babu wa Kibena, Kikinga na Kipangwa wana hadithi za watoto walioachwa, na za sungura aliyewacheza shere wakubwa kuliko yeye. Mtoto akiandika moja kwa kalamu yake baada ya kuisikia, umepata kitabu na zoezi la insha kwa bei ya daftari.

Hesabu ya mfano

Bei hubadilika kwa duka na kwa msimu, kwa hiyo tarakimu zifuatazo ni za kukuonyesha njia ya kuhesabu tu. Weka mahali pake bei utakayotajiwa.

Tuseme kitabu kimoja cha Kiingereza kipya ni Sh25,000 na kifurushi kwa basi ni Sh5,000. Jumla ni Sh30,000. Kikisomwa na mtoto mmoja, ndiyo gharama yake. Kikizunguka kwa watoto sita, ni Sh5,000 kwa mtoto.

Mfululizo wote wa vitabu 13 kwa bei hiyo ni Sh325,000, na ukiusafirisha mara moja kwa Sh10,000 unafika Sh335,000. Hilo ni jambo la maktaba ya shule au la familia kadhaa kuchangiana.

Riwaya ya Kiswahili ya Sh10,000 pamoja na kifurushi cha Sh5,000 ni Sh15,000, yaani Sh2,500 kwa mtoto ikizunguka kwa sita.

Hadithi mbili za bure, kila moja kurasa 20, kwa Sh100 kwa ukurasa, ni Sh4,000 kwa zote mbili. Watoto sita wakizisoma, haifiki Sh700 kwa kila mmoja.

Tamthilia nzima kwa GB 14, ikiwa GB moja ni Sh2,000, ni Sh28,000 bila malipo ya Netflix. Kwa ubora wa chini, GB 6, ni Sh12,000.

Utaona kwamba kwa anayenunua kitabu kimoja cha Kiswahili, nauli ya kifurushi ni theluthi ya gharama. Ndiyo maana kuagiza pamoja kunalipa. Wa Makambako wana nafuu yao, kwa kuwa mji upo kwenye njiapanda ya barabara ya Dar es Salaam–Mbeya na ile ya Songea, na mabasi mengi yanapita. Wa Njombe mjini, kama kilomita 60 kusini, wahakikishe kifurushi kinapanda basi linalofika Njombe au linaloendelea Songea, la sivyo watalipa mara ya pili kukitoa Makambako. Muda nao una bei: usiagize Januari, wakati sare na madaftari vinapomaliza mfuko. Agiza baada ya kuuza mahindi au viazi. Kitabu kikifika, fungua na uhesabu kurasa mbele ya wakala. Nakala za kughushi hujulikana kwa wino hafifu na kurasa zinazokosekana.

Uamuzi

Kwa mtoto wa darasa la pili hadi la nne, anza na Simbegwire na Magozwe. Ni za bei ya chini kuliko zote, ni za Kiswahili, na zinaishia kwenye matumaini bila kudanganya.

Kwa darasa la tano hadi la saba katika shule ya serikali, nunua Adili na Nduguze na umsomee kwa sauti. Kwa shilingi iliyotumika, hakuna kitabu kingine katika orodha hii kinachodumu miaka mingi kama hicho.

Kwa mtoto anayesoma Kiingereza vizuri, kitabu cha kwanza cha Snicket ndicho bora kwa ucheshi mchungu wa kweli. Nunua kimoja na ukizungushe kwa wenzake. Kwa kijana wa sekondari, Siku Njema.

Kwa mtoto aliyefiwa hivi karibuni, subiri. Hakuna kitabu katika hivi kinachopaswa kumfikia peke yake ndani ya majonzi ya kwanza. Baadaye, msome pamoja, na akiuliza, "Bibi, na baba mdogo naye atachukua shamba letu?", usimnyamazishe. Mwambie ukweli: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtu kumnyima mtoto haki ya kunufaika na mali ya mzazi wake, na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, husaidia kuandika na kutunza wosia.

Kwa walimu wakuu na kamati za shule za Njombe na Makambako nina ombi moja. Mnapopanga bajeti ya vitabu vya kiada, tengeni fungu dogo la hadithi. Nakala mbili za Adili na Nduguze, kimoja cha Snicket na kopi za hadithi za bure zinatosha kuanzisha rafu ya darasa. Mtoto yatima akikuta humo watoto kama yeye wanaomshinda mwenye tamaa kwa akili zao, fedha hizo zitakuwa zimetumika vema.